Sumimasen: somo la kuuliza njia, kutoka Japani hadi kwetu Kipese



Juma hili tunawaletea somo lisilo la kawaida: namna ya kuuliza njia kwa Kijapani. Msicheke kwanza. Tunajua kwamba hakuna anayefunga mizigo hapa Kipese ili apande ndege ya kwenda Tokyo. Lakini Kijapani kimekwisha kufika kwetu, tena kimekuja kwa magurudumu.

Mama aliyesafiri kwa taksi kati ya Butembo na Beni huenda ameisikia sauti yenyewe. Dereva anawasha gari, na kabla hata ya kuondoka, mwanamke asiyeonekana anasema maneno matamu ambayo hakuna abiria anayeyaelewa. Wengine hudhani gari linasalimu. Wengine hudhani linaonya kwamba mafuta yanakwisha. Mara nyingi sauti ile inasema: "ETC kaado ga soonyuu sarete imasen", maana yake, kadi ya ETC haijaingizwa. ETC ni mtambo wa kulipia barabara kubwa kule Japani. Mwenye gari anatia kadi yake ndani ya kijisanduku, na akipita penye kizuizi malipo yanakatwa bila yeye kusimama. Gari limeuzwa, limevuka bahari hadi Mombasa, limepanda Kenya na Uganda, limeingia kwetu kwa mlango wa Kasindi, na hata leo linaomba kadi yake.

Magari mengine yana kioo cha ramani pembeni ya usukani, na ramani iliyomo ni ya Japani. Linajua kila njia ya huko na halijui hata kona moja ya Butembo.

Hapo ndipo tulipopata sababu ya kuandika. Mtoto aliyehama ni kama gari lile. Ana ramani kichwani, lakini ni ramani ya kwao. Tangu Kanyabayonga ilipoanguka mwishoni mwa mwezi wa 6 mwaka 2024, familia nyingi za kusini ya Lubero zilikimbia kuelekea Lubero na Butembo, na watoto waliojua kila kijito na kila shamba la viazi la kijiji chao wakajikuta kati ya nyumba na avenue wasizozijua hata jina. Hata pasipo vita, mtoto hutumwa sokoni, huenda kumtembelea shangazi, hubadilisha shule. Kumfundisha mtoto kuuliza njia, kuisikiliza na kuieleza ni kumpa kitu atakachokuwa nacho mahali popote atakapolala. Somo la Kijapani litatusaidia, kwa sababu mwanafunzi wa lugha ngeni hulazimika kulipanga jambo hili hatua kwa hatua, wakati sisi tunalifanya haraka haraka bila kufikiri.

Maneno ya kwanza

Kwanza, habari njema. Mdomo wa Mswahili hauna shida kubwa na Kijapani. Irabu zao ni tano kama zetu: a, i, u, e, o. Maneno yao mengi huishia kwa irabu kama ya kwetu. Mtakapoona hapa chini tumeandika irabu mara mbili, mjue sauti inavutwa kidogo.

Mjapani haanzi kwa swali. Anaanza kwa neno "sumimasen". Neno hilo ni kama samahani, na lina shukrani kidogo ndani yake pia, kwa maana unakata shughuli ya mtu na unajua unamsumbua. Baada yake ndipo linakuja swali:

"Sumimasen. Byooin wa doko desu ka?"

Samahani. Hospitali iko wapi?

Byooin ni hospitali. Doko ni wapi. Ukitaka kuuliza mahali pengine, unaondoa neno la kwanza na kuweka lingine: gakkoo ni shule, eki ni kituo cha treni, hashi ni daraja, ichiba ni soko. "Gakkoo wa doko desu ka?" Shule iko wapi? Mnaona mpangilio wenyewe? Jina la mahali linatangulia, swali linafuata, sawasawa na Kiswahili chetu.

Sasa sikilizeni maneno haya: koko, soko, asoko. Koko ni hapa, karibu nami. Soko ni hapo, karibu nawe. Asoko ni pale, mbali na sisi wote wawili. Kwa hiyo Mjapani akisema "soko desu" hasemi habari ya sokoni. Anasema, ni hapo ulipo. Kifaransa tunachowafundisha watoto shuleni kwa kawaida hutumia maneno mawili tu, la hapa na la pale. Lakini Kiswahili kina hapa, hapo na pale, na Kijapani vilevile. Mtoto anayezijua vizuri hapa, hapo na pale za Kiswahili amekwisha kujifunza robo ya somo hili bila kulipa karo.

Jibu nalo huja kwa maneno machache:

Massugu, moja kwa moja mbele.

Migi, kuume.

Hidari, kushoto.

Kado, kona.

Tsugi no kado, kona inayofuata.

Futatsume no kado, kona ya pili.

Kwa maneno haya mwenyeji anaweza kumfikisha mgeni: "Massugu itte kudasai", nenda moja kwa moja tafadhali. "Futatsume no kado o hidari ni magatte kudasai", kwenye kona ya pili geuka kushoto tafadhali. "Hashi o watatte kudasai", vuka daraja tafadhali. "Migi ni arimasu", utaiona upande wa kuume. Neno "kudasai" linarudi kila mara mwishoni. Ni tafadhali yao, na anayeelekeza ndiye anayelisema. Adabu iko pande zote mbili: kwa anayeuliza na kwa anayejibu.

Tahadhari moja ndogo kwa wamama. Byooin ni hospitali, lakini biyooin ni saluni ya kutengeneza nywele. Tofauti ni sauti moja fupi ya i. Mgonjwa anayeharakisha ulimi anaweza kuelekezwa kwenda kusukwa. Tunacheka, lakini kwetu pia yako. Ndani ya Butembo kuna Katwa, kuna Kitatumba, kuna Matanda, na zote tatu zina hospitali. Mtu akikuuliza tu "hospitali iko wapi?" na wewe ukajibu bila kumwuliza ni hospitali gani, umempeleka saluni.

Mwisho wa somo lao kuna jambo ambalo sisi tunalisahau. Mwuliza njia wa Kijapani haondoki mara tu anapojibiwa. Anarudia alichosikia: "Massugu, futatsume no kado, hidari desu ne?" Moja kwa moja, kona ya pili, kushoto, sivyo? Kama hakushika, anaomba: "Moo ichido onegai shimasu", mara moja tena tafadhali. Akishashika, anashukuru: "Arigatoo gozaimasu". Sisi mtoto wetu akielekezwa husema "ndiyo" na kukimbia, na kwenye kona ya kwanza amekwisha kusahau.

Nchi ambayo njia nyingi hazina majina

Wengi wetu tunafikiri kwamba nchi zilizoendelea zina jina kwenye kila njia na namba kwenye kila mlango, na kwamba sisi peke yetu ndio tunaoelekezana kwa mti wa avoka na duka la shemeji. Sivyo. Katika miji mingi ya Japani njia ndogo hazina majina. Anwani haitaji njia, inataja eneo. Mji umegawanywa katika mitaa, mtaa katika vipande vyenye namba, kipande katika viwanja. Zaidi ya hayo, mahali pengi namba za nyumba zilifuata ni nani aliyejenga kwanza. Namba 3 inaweza kuwa mbali na namba 4. Hata dereva wa taksi mzaliwa wa Tokyo anaweza kuzunguka akitafuta.

Basi wanafanya nini? Wanafanya kama sisi. Wanaelekezana kwa alama: shuka kwenye kituo, pita posta, baada ya duka la mkate geuka kuume. Maduka huchora ramani ndogo kwenye tangazo. Na katika mitaa kuna vibanda vidogo vya polisi vinavyoitwa kooban. Mtu aliyepotea huingia, polisi anamwonyesha ramani ya mtaa iliyoko ukutani, na kumweleza njia. Kuelekeza watu ni sehemu ya kazi yao ya kila siku.

Jambo lingine: anwani ya Kijapani huanza kwa kikubwa na kushuka hadi kidogo. Kwanza mkoa, halafu mji, halafu mtaa, halafu kipande, halafu nyumba, na jina la mtu mwishoni. Mpangilio huo ni mzuri sana kwa mtoto. Mtoto wa kwetu akiulizwa "unakaa wapi?" hujibu "kwetu". Akiulizwa tena hujibu "kule juu". Mfundisheni ashuke ngazi kama Wajapani: jimbo la Kivu ya Kaskazini, teritwari ya Lubero, Kipese, halafu kijiji au mtaa, halafu alama iliyo karibu, halafu nyumba ya nani. Kwa aliyehamia Butembo: mji wa Butembo, halafu komini, kwa maana Butembo ina komini nne, Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba, halafu kartiye, seluli, avenue, na alama. Mtoto wa miaka sita anaweza kuishika orodha hii kama anavyoshika wimbo.

Kule Japani kuna wimbo wa watoto unaoitwa "Inu no Omawarisan", unaojulikana sana katika shule za chekechea. Unasimulia habari ya paka mdogo aliyepotea. Mbwa aliye polisi anamwuliza nyumba yao iko wapi, paka hajui. Anamwuliza jina, paka hajui. Analia tu, na polisi mwenyewe anachanganyikiwa asijue la kufanya. Ni wimbo wa kuchekesha, lakini mama anayeusikia anaelewa mara moja kwamba msaidizi alikuwepo, tena mwenye moyo mwema, ila hakuweza kumsaidia mtoto asiyejua kueleza kwao.

Jina peke yake halitoshi

Hapa kwetu tatizo la jina ni kubwa zaidi, na tuliseme waziwazi. Sisi Wanande tunawaita watoto kwa zamu ya kuzaliwa. Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule, Masika, Kavira, Kahindo: majina haya yako karibu kila nyumba. Ni urithi mzuri na tusiuache. Lakini mtoto akipotea sokoni Butembo na kusema "naitwa Kambale", amewaambia watu kwamba yeye ni mvulana na ana nafasi fulani kati ya ndugu zake. Akiulizwa jina la mama, husema "Mama". Akibanwa zaidi husema "Mama Masika". Ndani ya soko moja wamama Masika watageuka kumi kwa mara moja.

Kwa hiyo kila mtoto ajue majina yake yote, pamoja na jina la ubatizo. Ajue majina yote ya baba na ya mama, si lile la kuitwa nyumbani tu. Ajue jina la mwalimu wake na la shule. Ajue parokia au kanisa mnaposali. Ajue jina la mkubwa wa nyumba kumi au la shefu wa mtaa. Na kama kuna simu nyumbani, aijue namba kwa kichwa, aiseme kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, kwa kuwa wengine huandika namba wakizisikia kwa Kifaransa tu. Wapo wanaoandika namba kwenye karatasi na kuitia mfukoni mwa mtoto. Ni vizuri, lakini karatasi huloa mvua, na kaptula hubadilishwa. Kichwa hakibadilishwi.

Namna ya kueleza njia kwetu

Sasa turudi kwetu. Tunaelekezana vibaya, na tunaelekezana vibaya kwa moyo mwema. Mgeni anauliza, nasi tunanyoosha midomo na kusema "ni pale tu, karibu". Pale tu ya mtu wa milimani ni saa moja ya kupanda. Tunasema "kwenye mti mkubwa", kumbe mti ulikatwa mwaka jana kuwa makaa. Tunasema "pale kwenye duka la rangi ya kijani", na mwenye duka amepaka bluu. Tunasema "penye pikipiki zimesimama", na mvua ikinyesha pikipiki zote zinaondoka.

Tufuate mambo manne.

La kwanza, tuchague alama isiyohama: daraja, kanisa, shule, kituo cha afya, bomba la maji la watu wote, mnara wa simu, njia panda. Tusichague mtu, gari, meza ya kuuzia wala rangi.

La pili, tuhesabu. "Njia ya pili upande wa kushoto" ni bora kuliko "mbele kidogo kisha unaingia". Kidogo ya mtoto na kidogo ya mtu mzima si moja.

La tatu, tutumie kupanda na kushuka. Kuume na kushoto hubadilika mtu akigeuka, na mtoto mdogo huchanganya. Lakini mlima haugeuki. "Shuka hadi kijito, vuka, kisha panda" ni maneno ambayo mtoto wa Kipese hayasahau. Kwa njia za tambarare ndipo tuongeze kuume na kushoto.

La nne, tumpe alama ya kumwambia kwamba amepita. "Ukiliona soko, umepita, rudi nyuma." Alama hii ndiyo inayosahauliwa zaidi, na ndiyo inayomzuia mtoto kuendelea kutembea kuelekea asikokujua akifikiri bado kidogo atafika.

Kisha mtoto arudie yote kwa mdomo wake kabla ya kuondoka. Desu ne? Sivyo? Asiporudia, hajasikia.

Na jua pia ni mwalimu. Mstari wa ikweta unakata barabara kubwa kati ya Lubero na Butembo. Kwa sababu tuko karibu nao hivyo, jua letu huchomoza mashariki mwaka mzima bila kuyumba sana. Barabara ya Lubero kwenda Butembo na Beni, ingawa inajipinda milimani, kwa jumla inaelekea kaskazini. Kwa hiyo anayekwenda Butembo asubuhi ana jua upande wake wa kuume, na kivuli chake kinalala kushoto. Kwenye kona za mlima jua litahama kidogo kisha litarudi. Mtoto akijua hili, hata kama hana wa kumwuliza, anajua kama anakwenda au anarudi.

Kuume, kushoto na mlango wa gari

Turudi kwenye yale magari ya Japani, maana yana somo jingine la kuume na kushoto, na hili ni la uhai.

Japani magari hupita upande wa kushoto wa barabara, kama Uganda, Kenya na Tanzania. Kongo tunapita upande wa kuume. Basi dogo lililotengenezwa kwa ajili ya Japani lina mlango wa abiria upande wa kushoto, ili kule watu washukie pembezoni, penye miguu ya watu. Likija kwetu na kusimama kuume, mlango uleule unafunguka katikati ya barabara, mahali ambapo lori na pikipiki zinapita. Hata katika gari dogo lenye usukani wa kuume, abiria wa mbele hukaa kushoto, na akifungua mlango anashukia njiani.

Mtoto asishuke wa kwanza. Mama atangulie, atazame nyuma, kisha amshike mkono na wazunguke gari kwa nyuma hadi pembezoni. Mama mwenye mtoto mgongoni akumbuke kwamba mgongo wake una upana zaidi ya anavyodhani.

Katika kuvuka barabara ya kwetu, gari la karibu hutoka kushoto. Mtoto atazame kushoto kwanza, halafu kuume, halafu kushoto tena. Wamama mnaovuka Kasindi kwenda Mpondwe kwa biashara, mkifika upande wa Uganda kila kitu kinageuka: gari la karibu hutoka kuume. Wafundisheni watoto mnaokwenda nao kabla ya kuvuka mpaka, si baada yake.

Tuulize nani?

Kuna swali ambalo vitabu vya Kijapani havilifundishi sana: unamwuliza nani? Kule kuna kibanda cha kooban. Tena, katika mitaa mingi ya Japani kuna nyumba na maduka yaliyobandika alama ya kuonyesha kwamba mtoto mwenye hofu anaweza kukimbilia humo. Wazazi hutembea na mtoto njia ya shule kabla hajaanza mwaka wa kwanza, wakimwonyesha alama hizo moja moja. Jambo hilo halihitaji fedha. Linahitaji wamama wa mtaa mmoja wakubaliane.

Kwetu, mtoto aliyepotea amwendee mama anayeuza kwenye meza, hasa mwenye watoto pembeni yake. Huyo hataondoka ghafla, na majirani wanamjua. Amwendee mwalimu shuleni, muuguzi kwenye kituo cha afya, masista au katekista parokiani, mchungaji kanisani. Asimwendee mtu aliyesimama peke yake, wala asiingie ndani ya nyumba au kupanda pikipiki ili "apelekwe".

Wafundisheni kanuni hii fupi: anayeonyesha njia hanyoshi zaidi ya kidole. Akisema "nifuate", mtoto ajibu "asante, nitamngojea mama hapa", na abaki penye watu. Akishikwa mkono, apige kelele. Wasichana wetu hasa wasikie kwamba kukataa kwa sauti hakuwavunjii heshima wakubwa. Mtu mzima mwenye nia njema hataona ubaya mtoto kubaki mahali penye watu.

Na lugha? Mtoto wa Kipese anauliza kwa Kinande bila shida hadi Butembo. Lakini ndani ya mji atakutana na watu wasiokijua, na kuelekea Beni zaidi. Basi ajue kuuliza kwa Kiswahili pia, kwa adabu: "Shikamoo mama, samahani, naomba uniambie, shule fulani iko wapi?" Ile samahani ndiyo sumimasen yetu. Mtu aliyeombwa vizuri hutua mzigo ili aeleze.

Kazi ya juma hili kwa vikundi

Siku ya posho mkikutana, tunapendekeza mchezo. Mama mmoja aeleze njia ya kutoka mahali pa mkutano hadi nyumba fulani bila kutaja jina la mwenye nyumba. Mwingine achore chini kwa kijiti anachosikia. Wengine waangalie kama mchoro unafika. Mtashangaa ni mara ngapi haufiki. Halafu watoto wafanye vilevile. Wakichoka, wafundisheni "sumimasen", "migi" na "hidari", nao watacheka na kuyashika. Mwenye radio au simu yenye intaneti atafute idhaa ya Kiswahili ya NHK, shirika la utangazaji la Japani. Wana masomo ya Kijapani yanayoelezwa kwa Kiswahili.

Halafu siku ya yenga, mkirudi kutoka kusali, mwacheni mtoto mdogo atangulie. Awaongoze yeye hadi nyumbani, nanyi mfuate nyuma bila kumsahihisha, hata akikosea kona moja. Akisimama na kuangaza macho, mngojeeni aulize mtu. Msimjibu ninyi. Sikilizeni tu anavyouliza, anayemwuliza, na kama anarudia alichoambiwa. Mkifika nyumbani mtajua lililobaki kumfundisha.

Familia zilizopokea wageni waliokimbia vita, tunawaomba jambo moja zaidi. Mtoto mgeni asitumwe peke yake majuma ya kwanza. Mmoja wa watoto wenu atembee naye, amwonyeshe daraja, bomba, kanisa na shule, mpaka ramani mpya ikae kichwani pembeni ya ile ya kwao. Ile ya kwao asiisahau. Ataihitaji siku ya kurudi.